Aina ya Kilimo Huchaguliwa Mwisho: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kulima Kibiashara

Kila msimu unapokaribia, ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye simu. Ekari moja ya matikiti inabeba mashina 2,000, kila shina linatoa matunda mawili, tunda moja linauzwa shilingi 2,000, jumla milioni 8 ndani ya siku 80. Kuzidisha kumefanyika vizuri kabisa. Kilichosahaulika ni maji, wadudu, dalali, barabara, na ile wiki ambayo kila aliyesoma ujumbe huohuo anashusha matikiti yake sokoni.

Shuleni tulikariri aina za kilimo: cha kujikimu, cha biashara, mseto, mchanganyiko, cha umwagiliaji, cha mashamba makubwa, cha kuhamahama. Kwa mtihani orodha hiyo inatosha. Kwa mtu mwenye akiba ya milioni mbili tatu na ekari chache za urithi au za kukodi, orodha inampotosha, maana anaanza kwa kuchagua aina, kisha anahangaika kutafuta shamba na soko la kuitumikia. Mimi nashauri uende kinyume: maji kwanza, kisha udongo, kisha soko, kisha fedha. Ukiyamaliza hayo manne, aina ya kilimo inakuwa karibu imejichagua yenyewe.

Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, nchi ambayo kilimo kinachangia kama robo ya pato lake la taifa. Msomaji wa Kenya, Uganda au Kongo atabadilisha majina ya taasisi na bei; hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kupima ekari

Kaskazini, pwani ya Tanga hadi Dar es Salaam, na kuzunguka Ziwa Victoria kuna misimu miwili ya mvua: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kusini, kanda ya kati na magharibi kuna msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Wa Moshi akikosea vuli, masika yanamsubiri. Wa Songea au Singida akikosea msimu, hana nafasi nyingine mpaka mwaka upite. Kwa hiyo mwenye msimu mmoja anapaswa kuwa na mbegu na mbolea ndani ya nyumba kabla wingu la kwanza halijatokea.

Mahindi yanataka mvua kati ya milimita 500 na 800, tena zilizogawanyika vizuri. Dodoma hupata kati ya 500 na 600 kwa mwaka mzima, na nyingine hushuka kwa mafuriko ya siku moja. Ndiyo sababu mahindi ya Dodoma ni bahati nasibu, huku mtama, uwele na alizeti vikivumilia, na mzabibu ukivunwa mara mbili kwa mwaka kwa wenye maji ya kumwagilia. Waulize wazee wa eneo hilo swali moja tu: katika miaka kumi, ni mingapi walivuna mahindi ya kuridhisha? Wakisema mitano, usikope pesa kulima mahindi hapo.

Kama unafikiria kumwagilia, kuna hesabu moja ya kukariri. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, kwa sababu ekari ina mita za mraba 4,047. Bustani kwenye jua kali inaweza kunywa milimita 5 kwa siku. Hizo ni lita 20,000 kila siku kwa ekari, yaani tangi la lita 5,000 mara nne. Mipira ya matone hupunguza kiasi hicho, kwa kuwa inalowesha mstari wa mimea peke yake, lakini haiifuti hesabu.

Chanzo cha maji kipimwe Septemba au Oktoba, kinapokuwa kimechoka. Mto unaopendeza mwezi wa tano hauna ushahidi wowote. Washa pampu, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, unapata lita 7,200 kwa saa, na ekari yako itahitaji karibu saa tatu za petroli kila siku. Gharama hiyo iandike sasa, usingoje miche iwe imeshatoka kitaluni.

Jambo la mwisho hapa ni la kisheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bustani nyingi zinazofyekwa na maofisa wakati matunda yamekomaa zimo ndani ya mita hizo. Kuvuta maji ya mto kwa kilimo cha biashara nako kunataka kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Ulizia kijijini mapema.

Hatua ya 2: Udongo na mteremko

Mfano wa kudharau hatua hii uko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka uligeuka saruji. Karanga ziligoma kung'oka. Januari 1951 mradi ulivunjwa, na pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Leo Kongwa inafahamika kwa ranchi ya ng'ombe, shughuli inayoendana na nyasi zake na mvua zake. Waliamua karanga na mashamba makubwa wakiwa London, wakaiacha ardhi iseme mwisho.

Wewe huna pauni milioni 36, basi fanya hivi. Tembea shambani kwa zigizaga, chimba sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, weka udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, changanya, chukua nusu kilo. Usichukue penye kichuguu, penye jivu, wala palipokuwa zizi. Peleka maabara, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga ni sehemu mbili zinazofahamika. Unachotaka kujua zaidi ni uchachu wa udongo. Mahindi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu huo, ya 5.5 hadi 7. Chini ya hapo, fosforasi unayoinunua kwa pesa inafungwa na udongo, mmea hauioni. Chokaa ya kilimo inakuwa na faida kuliko mfuko wa pili wa mbolea.

Mteremko nao una neno. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa zaidi ya karne kwa mashimo wanayoyaita ngoro: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, zinafunikwa kwa udongo, mazao yanapandwa kwenye kuta, maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kuondoka na rutuba. Ni kazi nzito ya jembe la mkono. Lakini anayepeleka trekta kwenye mteremko kama ule analima msimu mmoja, misimu inayofuata analima kokoto.

Hatua ya 3: Nenda sokoni kabla ya kwenda duka la mbegu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 2017 wakulima wa mbaazi wa Babati, Lindi na Mtwara walikuwa na zao zuri ghalani. Miaka iliyotangulia bei ilikuwa imepanda, na wengi walikuwa wameongeza ekari. Agosti mwaka huo India, mnunuzi mkuu, iliwekea mipaka mbaazi kutoka nje kwa sababu wakulima wake wenyewe walivuna sana. Bei ya huku ikaporomoka. Hakuna mkulima wa Babati aliyekosea palizi wala mbolea. Zao lilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ukafungwa kutoka ng'ambo.

Swali la kwanza la soko, basi, ni hili: wanunuzi wa zao hili ni wangapi, na wakikataa nitalifanyia nini? Mahindi, maharage na mchele vinaliwa nyumbani na jirani. Mbaazi mbichi zinaliwa, ila si kwa tani. Tumbaku hailiwi kabisa.

Swali la pili ni muda. Nyanya iliyoiva inakupa siku chache. Kitunguu kilichokaushwa vizuri kinakupa wiki, pengine miezi. Mahindi makavu yanakupa mwaka. Kadiri zao linavyooza haraka ndivyo dalali anavyokuwa na nguvu juu yako, kwa sababu anajua huwezi kurudi nalo nyumbani. Mwenye nyanya akae karibu na mji au karibu na barabara ya lami. Ndivyo Ilula pale Iringa na Dumila pale Morogoro zilivyopata jina, malori yanapita mlangoni.

Swali la tatu ni kipimo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, bado ipo kwenye viazi, vitunguu na kabichi. Ukiambiwa bei ya gunia, uliza gunia gani. Gunia la shilingi 60,000 lenye kilo 100 ni shilingi 600 kwa kilo. Likishonewa kilemba hadi kilo 140, umeuza kilo kwa shilingi 430 hivi. Kwenye ekari nzima hiyo ndiyo inayokula faida yako. Uza kwa kilo pale inapowezekana.

Nenda sokoni mara zaidi ya moja, alfajiri, wakati magari yanashusha. Usimuulize dalali bei tu. Mwulize zao gani lilikosekana mwaka jana mwezi kama huu, na lililojaa lilitoka wapi. Waulize wenye magari wanatoza shilingi ngapi kwa gunia. Kisha toa usafiri, ushuru, kupakia, kushusha na kamisheni ya dalali. Kinachobaki ndiyo bei ya shambani, na hiyo ndiyo pekee ya kuingiza kwenye hesabu.

Kwa korosho, na siku hizi ufuta, choroko na mbaazi katika mikoa mingi, hali ni tofauti: mazao yanapitia chama cha msingi, yaani AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza mwaka 2007. Unapeleka mzigo, unapimwa, unapewa stakabadhi, mnada unafanyika, unalipwa benki. Faida yake ni ushindani wa wanunuzi mezani. Ubaya wake ni kusubiri, pamoja na makato. Soma orodha ya makato kabla ya kupanda. Mkulima anayeishi kwa pesa ya kila wiki hataweza kusubiri mnada.

Hatua ya 4: Kalenda ya fedha

Chora miezi 24 kwenye karatasi. Juu ya kila mwezi andika pesa inayotoka, chini pesa inayoingia. Mchicha hulipa baada ya wiki nne tano. Matikiti siku 65 hadi 85. Nyanya miezi mitatu hivi tangu miche ihamishiwe shambani. Kitunguu hukaa kitaluni wiki sita, kisha miezi mitatu hadi minne. Mahindi miezi minne hadi sita, kutegemea mbegu na baridi ya mahali. Parachichi la Hass lililobebeshwa linaanza kukupa cha maana mwaka wa tatu au wa nne. Korosho hivyohivyo.

Sasa weka ada za shule, kodi ya nyumba na matibabu kwenye karatasi hiyohiyo. Wengi walioacha parachichi zao zimezidiwa na magugu Njombe na Rungwe hawakushindwa na kilimo. Waliishiwa pesa mwaka wa pili, mti ukiwa bado unakula tu. Dawa yake ni zao la katikati: maharage, viazi au soya katikati ya mistari kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Na usitumie akiba yote. Theluthi moja ibaki nje ya shamba, kwa ajili ya kupulizia dawa mara ya tatu, kupanda upya mvua ikikata, au gari lililopandisha nauli.

Hatua ya 5: Sasa chagua

*Kilimo cha kujikimu* hutajwa kwa dharau, kama umaskini wenyewe. Hesabu haikubali. Familia inayolima chakula chake haiuzi kwa bei ya chini ya mavuno wala hainunui unga kwa bei ya dukani ya Februari. Inaokoa tofauti yote ya katikati. Kosa ni kukilima kwa mkopo au kwa vibarua wa kulipwa. Anayeanza kilimo cha biashara na anaishi kijijini nitamshauri atenge ekari ya chakula kwanza. Haitamtajirisha, ila itamzuia kuuza mazao ya biashara kwa njaa.

*Nafaka za biashara* zinafaa mwenye eneo kubwa kidogo, mvua ya uhakika na ghala. Faida ya ekari ni ndogo, kwa hiyo ekari mbili za mahindi hazitamlipa mtu mshahara. Mpunga wa umwagiliaji ni tofauti kidogo. Kwenye skimu zenye maji ya kudhibitiwa, kilimo shadidi kimeongeza mavuno kwa maji machache: mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, jaruba linaloloweshwa na kuachwa likauke kidogo badala ya kufurika muda wote. Mbinu hiyo ilizaliwa Madagaska miaka ya 1980, na skimu ya Mkindo mkoani Morogoro ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia huku kwetu. Palizi yake ni ya kutoa jasho, maana penye maji kidogo magugu hustawi.

*Bustani* ndiyo yenye pesa ya haraka, na ndiyo inayofilisi haraka. Inataka mtu shambani kila siku. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, hangoji mwenye shamba arudi wikiendi. Kama unalima kwa simu kutoka mjini, bustani usiiguse mpaka uwe na msimamizi anayepata sehemu ya faida, si mshahara tu. Anza na robo ekari, na panda kwa awamu: sehemu leo, sehemu baada ya wiki tatu. Bei ya nyanya ikianguka, haitaanguka kwa shamba zima.

*Kilimo cha mkataba* kinakuondolea hofu ya soko na mara nyingi kinakukopesha pembejeo. Tumbaku ya Tabora na miwa inayozunguka viwanda vya Kilombero na Mtibwa ni mifano ya siku nyingi. Tafuta majibu matatu ndani ya mkataba: nani anapanga daraja la zao na mimi nitakuwapo akilipanga? Pembejeo zinakatwa kwa bei gani? Wakichelewa kuchukua, hasara ni ya nani? Hilo la tatu ni la kufa na kupona kwa miwa, kwani muwa uliokatwa au kuchomwa hupoteza sukari kila siku unayosubiri zamu, na malipo yanategemea uzito pamoja na sukari.

*Mashamba makubwa ya zao moja* ni ya kampuni, si ya msomaji wa mwongozo huu, lakini historia ya mkonge inamhusu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida. Mimea 62 tu ilifika Tanga ikiwa hai. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia, bei ikashuka, na miji iliyojengwa juu ya zao moja ikapungua. Zao moja ni rahisi kulisimamia na rahisi kuliuza kwa wingi, mpaka siku dunia inapopata mbadala.

*Kilimo mseto na mchanganyiko* ndicho ninachokipendelea kwa mwenye ekari moja au mbili penye mvua nzuri. Kihamba cha Kilimanjaro kinaonyesha jinsi kinavyofanya kazi: miti ya kivuli na mbao juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, maharage na magimbi chini kabisa, ng'ombe bandani, maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, yakipita. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo duniani. Tazama fedha zake: ndizi zinaingiza kidogo kila wiki, maziwa kila siku, kahawa mara moja kwa mwaka, mbao kwa dharura kubwa. Samadi inarudi shambani, majani ya mgomba yanarudi kwa ng'ombe. Hakuna mwezi mtupu. Udhaifu wake ni urithi. Kihamba kikigawanywa kwa watoto watano, hakimtoshi hata mmoja. Na kama unataka ng'ombe, kumbuka anakula kilo 40 na zaidi za majani mabichi kwa siku, kiangazi na masika. Panda malisho kabla ya kumnunua.

*Kilimo cha kuhamahama* kilikuwa na akili yake ardhi ilipokuwa nyingi. Leo hakuna pa kuhamia. *Kilimo hai*, kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, kinalipa pale tu penye mnunuzi anayelipia cheti. Bila mnunuzi huyo utauza mchicha wako safi kwa bei ya mchicha wa kawaida.

Hatua ya 6: Gunia la kurudisha pesa

Chukua ekari moja ya mahindi. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwenu.

Kukodi shamba 80,000. Kulima na kupiga haro 80,000. Mbegu bora kilo 10, 75,000. Kupanda 30,000. Mfuko wa mbolea ya kupandia 70,000. Mfuko wa mbolea ya kukuzia 65,000. Palizi 80,000. Dawa ya viwavijeshi 30,000. Kuvuna, kusomba na kupukuchua 90,000. Jumla 600,000.

Ukiuza gunia la kilo 100 kwa 50,000, unahitaji magunia 12 kurudisha pesa yako tu. Wastani wa wakulima wadogo nchini kwa miaka mingi umekuwa kwenye tani moja na nusu hivi kwa hekta, yaani magunia sita kwa ekari. Maana yake ni nzito: anayelipia kila kitu kisha akavuna kama wastani, anapoteza nusu ya pesa yake. Jirani yake haonekani kupata hasara kwa sababu shamba ni lake, palizi ni ya watoto, na mahindi anayala. Usijilinganishe naye.

Faida iko kati ya gunia la 13 na la 20 au 25, ambayo yanafikika kwa mvua nzuri, mbegu bora na kazi kwa wakati. Fanya hesabu hii kwa zao lolote, mara mbili: kwa bei uliyoiona sokoni, na kwa nusu ya bei hiyo. Zao ambalo nusu ya bei inakufilisi kabisa, lilime kwa eneo dogo.

Hatua ya 7: Ekari ya kwanza

Shamba la kukodi liandikiwe mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji, mipaka ikiwa imetembelewa na majirani wapo. Pima mwenyewe, hatua 70 kwa 70 za mtu mzima ni ekari ya mtaani, na "ekari" nyingi za kukodi hazifiki hapo.

Mbegu nunua kwenye duka la kudumu, angalia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, tunza risiti na kipande cha mfuko. Mbolea ya ruzuku inataka uwe umejiandikisha kijijini, kwa hiyo fanya hivyo miezi kabla. Panda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja. Inakupa karibu mimea 18,000 kwa ekari. Mbolea ya kupandia iwe chini ya mbegu na itenganishwe nayo kwa udongo, vinginevyo inaiunguza.

Palizi ya kwanza isivuke wiki ya tatu. Ukichelewa hapo, mbolea utakuwa umewalisha magugu. Mahindi yakifika magotini weka ya kukuzia udongo ukiwa na unyevu, na UREA ifukiwe. Ikiachwa juu jua linaipeperusha hewani.

Viwavijeshi vamizi, ambao tangu 2017 wamekuwa wenyeji, kagua mara mbili kwa wiki kuanzia miche inapotoka. Funua moyo wa mmea. Ukiona vitobo vidogo na viwavi wadogo, huo ndio wakati wa kupuliza, asubuhi mapema au jioni. Akishakuwa mkubwa na kujifukia kwa kinyesi chake kama maranda, dawa haimfikii. Badilisha aina ya kiambata cha dawa, yaani sumu yenyewe iliyomo, si jina la chupa tu.

Hatua ya 8: Baada ya kuvuna

Kausha juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yenye ukungu. Lengo ni unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi, weka chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Hifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka likifungwa peke yake. Dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Scania, hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Mfuko mmoja ukitobolewa na panya umekwisha kazi, kwa hiyo ghala liwe safi na mifuko ikae juu ya mbao.

Kusubiri bei kupanda kutoka Agosti hadi Januari ni busara mara nyingi, ila si kila mara. Serikali imewahi kuzuia nafaka kutoka nje ya nchi na bei ikalala. Uza kwa mafungu: moja la kulipa madeni wakati wa mavuno, moja mwishoni mwa mwaka, moja liende kwenye miezi ya njaa.

Hatua ya 9: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na shambani hupotea kwa mafungu ya elfu mbili mbili: nauli, vocha, chakula cha vibarua, petroli. Daftari moja la shule linatosha. Tarehe, kazi, nani kafanya, shilingi ngapi. Ukurasa wa nyuma andika siku za mvua, na milimita kama umeweka kopo la kupimia.

Siku zako za kazi ziandikie malipo ya kibarua, hata kama hujilipi. Kabla ya kulipa kodi ya msimu mwingine, kaa nalo jioni moja na upige hesabu ya gunia la kurudisha pesa kwa gharama halisi. Umevuna chini yake na ukurasa wa nyuma unaonyesha mvua ilikata? Rudi hatua ya kwanza. Mvua ilikuwa nzuri lakini mavuno hafifu? Hatua ya pili, na uitazame upya tarehe ya palizi. Ulivuna vizuri ukauza kwa bei ya kutupa? Hatua ya tatu. Ukiona faida, ongeza ekari moja, si tano.